Benchi la Kliniki, Darasa la Mapishi, Nyumba kwa Nyumba, Chekechea au WhatsApp: Wazazi Tuwafundishe Wapi Lishe ya Mtoto Asinenepe Kupita Kiasi?

Kwetu ukisema mtoto "ana afya", watu wanaelewa kwamba amenona. Mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo, na mama yake anapongezwa kwenye daladala na watu asiowajua. Mtoto mwembamba anayecheza kutwa nzima na kulala vizuri usiku, huyo "hana afya", na bibi yake atauliza kama kweli anapewa chakula. Yeyote anayetaka kuzifundisha familia namna ya kumlisha mtoto wa miaka miwili hadi mitano ili asinenepe kupita kiasi, anaanza kazi akiwa na neno hilo mbele yake.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka tisa katika kata mbili za Temeke, Dar es Salaam, kwanza nikiwa mwalimu wa chekechea, kisha nikifundisha lishe mitaani pamoja na akina mama wenzangu. Swali ninaloulizwa zaidi na wauguzi, walimu na viongozi wa vikoba ni moja: tuanzie wapi? Wanaouliza huwa na fedha kidogo, watu wawili au watatu wa kujitolea, na miezi michache ya kufanyia kazi. Hawawezi kufanya kila kitu. Njia zilizo mbele yao ni tano, nami nimezijaribu zote, na hakuna hata moja ambayo haijawahi kuniangusha mahali fulani. Naziweka hapa kando kwa kando ili uchague inayoendana na mahali ulipo.

Kwanza, somo lenyewe

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 4 wana uzito uliozidi. Kenya mwaka huohuo ilipata asilimia 18 na asilimia 3. Kuna wanaotazama namba hizo na kusema unene si tatizo letu. Mimi nazisoma hivi: matatizo haya mawili yanaishi nyumba moja, na mara nyingine yanaishi ndani ya mtoto mmoja. Mtoto aliyelelewa kwa uji wenye sukari nyingi, maandazi na chipsi anaweza kuwa mfupi kuliko umri wake na bado akawa mzito kuliko urefu wake. Ndiyo maana somo la "mpunguzieni chakula" ni hatari. Mtoto wa umri huu hawekwi kwenye daieti. Anabadilishiwa anachokula na kunywa, anacheza zaidi, na mara nyingi inatosha uzito utulie wakati kimo kinaendelea kupanda.

Macho nayo hayatoshi kupima. Shirika la Afya Duniani hulinganisha uzito wa mtoto na urefu wake katika chati za mwaka 2006: akivuka mstari wa +2 ana uzito uliozidi, akivuka +3 ana unene uliokithiri, na huyo wa +3 anatakiwa kuonana na daktari, sio kuachiwa mafunzo ya mtaani peke yake.

Yanayofundishwa si mengi. Mlo wenye makundi mbalimbali: wanga, jamii ya kunde, vyakula vya asili ya wanyama kama dagaa na mayai, mboga, matunda, na mafuta kidogo. Maji badala ya soda na juisi za boksi. Saa za kula zinazojulikana, ili mtoto asile kidogokidogo kutwa nzima. Mzazi achague chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto achague ale kiasi gani, na akisema ameshiba aaminiwe, asishikiwe fimbo amalize sahani. Kisha mwili: miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inataka mtoto wa miaka mitatu na minne achangamke dakika 180 kwa siku, kati ya hizo 60 ziwe za kukimbia na kuhema, akae mbele ya skrini si zaidi ya saa moja, na alale saa 10 hadi 13. Usiache sehemu hii. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, ya mwaka 2019 yalikuta kwamba kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kilichosaidia ni chakula na mchezo vikifundishwa pamoja. Chakula peke yake hakikuonyesha matokeo ya maana.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza kwangu ni *mkono*. Nani anashika mwiko? Nani anashika shilingi mia tano ya kununulia biskuti? Nani anarudi saa tatu usiku na mfuko wa chipsi? Mara nyingi tunamfundisha mama, huku mtoto akilishwa na dada wa kazi asubuhi, bibi mchana na baba usiku. Njia isiyoufikia mkono huo itazalisha mama anayejua kila kitu na mtoto asiyebadilika.

Vingine ni *kinachofundishika* kwa njia hiyo (maneno tu, au na vitendo?), *gharama* ya fedha na muda, *kinachobaki* miezi mitatu baadaye, na *heshima*, yaani kama njia yenyewe inamwaibisha mtoto au mama yake. Hiki cha mwisho watu hukisahau, na ndicho kinachofunga milango.

Benchi la kliniki

*Mkono.* Unampata mama, na unawapata wengi kwa asubuhi moja. Tatizo ni umri wa watoto. Kadi inasema kliniki ni hadi miaka mitano, lakini baada ya chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18, familia nyingi hazionekani tena. Mtoto wa miaka minne unayemtafuta hayupo kwenye benchi. Unaweza kumpata mara mbili kwa mwaka, mwezi Juni na Desemba, watoto wa hadi miezi 59 wanapoitwa kwa ajili ya matone ya vitamini A na dawa za minyoo, ingawa siku hizo foleni ni ndefu na kelele ni nyingi.

*Kinachofundishika.* Ujumbe mmoja, usiozidi dakika kumi. Mizani yenyewe ni mwanzo mzuri wa mazungumzo, lakini ina mtego wake. Kadi tuliyoizoea yenye kijani, kijivu na nyekundu inalinganisha uzito na umri, na kazi yake kubwa ni kuwakamata watoto wanaobaki nyuma. Mstari ukipanda, watu wanafurahi. Nimekaa pembeni nikasikia mama wa binti wa miaka miwili na nusu mwenye kilo 18 akiambiwa, "Hongera mama, mtoto ana afya." Ubao wa kupimia urefu ulikuwa nyuma ya mlango, umeegemezwa ukutani, umewekewa ndoo mbele. Simlaumu nesi, alikuwa na foleni ya watoto isiyoisha na mwenzake alikuwa likizo. Lakini kama utaichagua njia hii, kazi ya kwanza ni kuutoa ubao ule nyuma ya mlango.

*Gharama.* Karibu hakuna.

*Kinachobaki na heshima.* Kinabaki kidogo, kwa sababu mama anasikiliza huku ananyonyesha na anasubiri kuitwa. Na uzito ukisomwa kwa sauti mbele za watu, mama wa mtoto mnene anajisikia amesutwa.

*Inamfaa* nesi au mtu wa kujitolea anayetaka kuwahi mapema: wazazi wa watoto wachanga, kabla uji wenye sukari haujawa mazoea. Miezi sita ya maziwa ya mama pekee, kunyonyesha kuendelea hadi miaka miwili, na uji usiotiwa sukari, hayo yanaingia vizuri hapa.

Darasa la mapishi mtaani

Hili nitalieleza kwa urefu, maana ndilo lililonifundisha mimi mwenyewe mengi.

Tunakaa uani kwa mjumbe, chini ya mwembe. Majiko mawili ya mkaa, sufuria tatu, na glasi moja inayoonyesha kilichomo. Naanza na soda ya chupa ya mililita 300. Siongei. Nachukua kijiko cha chai, nachota sukari na kuimimina kwenye glasi tupu, mmoja, wa pili, wa tatu, hadi wa saba. Hizo ni takriban gramu 30, ndizo zilizo ndani ya chupa ile. Kisha nawaambia kwamba Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Kwa mtoto wa miaka minne nusu hiyo ni kama vijiko vinne. Glasi inapita mkono kwa mkono. Wengine wanaitikisa. Mara zote kuna mmoja anayesema taratibu, "Na mimi huwa nampa mbili siku ya sherehe."

Halafu tunakwenda kwenye mafuta. Namwomba mtu apike mchicha kama anavyopika kwake, ila kabla ya kumimina mafuta kwenye sufuria ayapitishe kwenye kikombe, kisha tunayapima kwa kijiko cha chakula. Mara ya kwanza tulipata vijiko tisa kwa mafungu mawili ya mchicha. Mpishi mwenyewe alishangaa kuliko sisi. Tulipika tena kwa vijiko viwili na karanga za kutwanga, na sufuria hiyo ndiyo iliyoisha.

Mwisho ni uji. Mmoja wenye sukari na majarini, mwingine wa unga uleule uliopondewa ndizi mbivu na kuwekwa karanga kidogo. Watoto wanaonja yote miwili. Si kila mtoto anaukubali wa ndizi siku hiyo, na hapo ndipo ninapowaeleza wazazi kwamba chakula kipya huweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakizoea. Wengi walikuwa wameshaacha kwenye mara ya pili wakisema, "Huyu hapendi mboga."

*Mkono.* Mama na bibi wanakuja, hasa ukiweka saa kumi jioni, kazi za mchana zikiwa zimeisha. Dada wa kazi haji mpaka umwalike kwa jina na tajiri wake amruhusu. Mimi huandika karatasi mbili kwa kila nyumba, moja ya mama na moja ya dada. Akina baba huwa wachache.

*Gharama.* Hapa ndipo panapouma. Kulisha watu kumi na tano kila wiki kunamaliza akiba ya kikundi haraka. Tulichofanya ni kila mmoja aje na kitu: fungu la matembele, kikombe cha unga, nyanya mbili, dagaa wa kuonjea. Mkaa ukatoka kwenye mfuko wa kikoba. Usizidi watu kumi na tano. Wakizidi, wa nyuma wanakuwa watazamaji.

*Kinachobaki.* Kingi, ila kwa sharti la kurudia. Siku moja ya mapishi ni burudani. Mpango wa HENRY wa Uingereza, uliotumika sana katika jiji la Leeds, huwakutanisha wazazi kwa wiki nane, na sehemu kubwa ya muda huo haizungumzii chakula hata kidogo: wanajadili malezi, namna ya kusema hapana bila kugombana, namna ya kumtuliza mtoto anayelia dukani. Niliposoma hilo nilielewa kwa nini madarasa yangu ya mwanzo, yaliyokuwa mapishi matupu, yalikuwa yanavuja. Mama alijua kupika mchicha, lakini mtoto akipiga kelele mbele ya duka bado alinunuliwa krips.

*Heshima.* Kubwa, maana wote wanapika na wote wanakosea. Nina mwiko mmoja: hakuna mtoto anayepimwa au kutolewa mfano mbele ya wenzake.

*Inamfaa* kikundi ambacho tayari kinakutana, kama kikoba au jumuiya ya msikitini au kanisani, chenye uvumilivu wa wiki sita na kuendelea.

Nyumba kwa nyumba

Nilimtembelea mama mmoja mwenye mtoto wa miaka mitatu na nusu. Tulikaa sebuleni. Mama, mfanyakazi wa ofisini, alikuwa amejipanga: nyumba hii hainunui soda, pipi ni siku ya sikukuu, chakula cha usiku saa moja. Alisema kweli yote. Nikaomba kuzungumza na dada, kwa ruhusa yake. Dada akaja, akakaa kwenye stuli ya jikoni, nikamuuliza mtoto huwa anakula nini saa nne asubuhi. Akamtazama bosi wake kwanza. Kisha akaeleza kwamba mtoto akianza kumlilia mama aliyeondoka, humpeleka kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, na Mangi anaandika deni. Tulikwenda dukani. Kwenye daftari la madeni, chini ya jina la nyumba ile, kulikuwa na juisi ya boksi na krips karibu kila siku ya kazi. Mwisho wa mwezi baba alilipa jumla bila kuuliza vitu vilivyomo. Watu wanne walihusika kumlisha mtoto yule, mwenye duka akiwa wa nne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Dada alikuwa anamtuliza mtoto kwa njia pekee aliyoijua.

Hilo usingelijua kwenye benchi wala chini ya mwembe.

*Mkono.* Hakuna njia inayoufikia vizuri kuliko hii. Unamkuta bibi, dada, kaka mkubwa, na ukienda Jumapili unamkuta baba. Unaona televisheni inawashwa saa ngapi na kama kuna uwanja wa mtoto kukimbia.

*Kinachofundishika.* Kinachoihusu nyumba hiyo tu. Kwa familia ile hatukuzungumzia makundi ya vyakula. Tulizungumzia saa nne asubuhi: kipande cha papai au ndizi kiwe tayari, mpira mdogo uwekwe karibu na mlango, na baba amwambie Mangi asiandike tena vitu vya mtoto.

*Gharama.* Kubwa sana ya muda. Mtu mmoja akijitahidi anafika nyumba nne kwa siku, na kila nyumba inahitaji mara tatu au zaidi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuajiri na kufundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima, na mtaa wenye mhudumu wa aina hiyo una mahali pa kuanzia. Ila mhudumu ana majukumu mengi, kuanzia wajawazito hadi kifua kikuu. Usimwongezee nyumba thelathini za lishe ukategemea aziweze.

*Kinachobaki.* Kingi kuliko njia nyingine, kama dada hajabadilishwa. Dada akiondoka, unaanza upya.

*Heshima.* Hapa kuna ncha mbili. Mazungumzo ni ya siri, hakuna anayesikia uzito wa mtoto. Lakini umeingia nyumbani kwa watu. Ukianza kwa kuchungulia jokofu, umeshakuwa mkaguzi. Salimia, mpe bibi shikamoo yake, kaa, pokea maji ukipewa, uliza habari za nyumba, na somo lisubiri. Jambo jingine: ukienda nyumba moja tu kwenye safu, majirani watauliza kwa nini ile. Pita zote, hata kama nyingine ni kwa dakika tano.

*Inamfaa* mtoto ambaye tayari amevuka +2, na familia yenye walezi wengi kiasi kwamba hakuna anayejua mtoto amekula nini kwa siku nzima.

Chekechea na dei kea

*Mkono.* Unamfikia mtoto mwenyewe, jambo ambalo njia nyingine hazifanyi vizuri, na mwalimu ambaye anamwona saa tano kwa siku. Mzazi unamfikia getini na kwenye kikao cha muhula.

*Kinachofundishika.* Saa nne asubuhi vikontena vinafunguliwa, na kila nyumba inaonekana. Biskuti, krips, keki, juisi. Chekechea inaweza kuweka utaratibu mmoja kwa wote: kinywaji ni maji, na tunda mara mbili kwa wiki. Inaweza kupika uji usio na sukari nyingi. Na inaweza kuwapa watoto vipindi viwili vya nusu saa vya kukimbia kweli. Hilo linahitajika, kwa sababu vituo vingi vya mjini vina uwanja wa sementi mdogo na watoto wanakalishwa tu waandike a, e, i, o, u. Mtoto anayekataa tembele nyumbani nimemwona akilila shuleni kwa sababu rafiki yake ameshika kijiko.

*Gharama.* Ndogo. Kinachotakiwa ni mkuu wa kituo kukubali, na wazazi kushirikishwa kabla utaratibu haujatangazwa. Mzazi aliyeshtukizwa anapinga, hasa aliyekwisha kununua katoni la juisi la mwezi mzima.

*Kinachobaki.* Muhula ukiwa unaendelea, kingi. Likizo ya Desemba ikiisha, unakuta mengi yameyeyuka. Mfano ninaoupenda uko Ufaransa, katika miji miwili midogo ya Fleurbaix na Laventie. Mwaka 1992 walianza kufundisha lishe shuleni. Matokeo kwenye uzito wa watoto hayakuonekana haraka. Yalionekana baadaye, mji mzima ulipoingia, kuanzia madaktari hadi vilabu vya michezo, na mwaka 2004 utaratibu huo ukapelekwa miji mingine kwa jina la EPODE. Chekechea inaanzisha vizuri. Nyumba ndiyo inayoendeleza.

*Heshima.* Hapa nilikosea, na bado linaniuma. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilichukua chupa ya soda ya mtoto wa miaka minne, nikaiinua mbele ya darasa kuwaonyesha wenzake kitu kisichofaa. Hakulia. Aliinamisha kichwa tu, na siku mbili hakuja. Mtoto wa miaka minne hapangi kontena lake. Tangu siku hiyo, likija jambo la chakula, namtafuta mtu mzima aliyelipanga, pembeni, getini, bila mtoto kusikia.

*Inamfaa* mwalimu au mmiliki wa kituo, na mtaa ambao wazazi wake wanaondoka alfajiri na kurudi usiku.

Kundi la WhatsApp

Kwa ufupi. *Mkono:* unampata mama mwenye simu ya kupangusa, na unampata baba, ambaye kwenye njia nyingine nyingi ni vigumu kumpata. Dada wa kazi mara nyingi hana bando, na bibi anahitaji kusomewa. *Kinachofundishika:* ukumbusho. Sauti ya dakika moja inasikilizwa. Maandishi marefu yanapitwa. Sauti yangu iliyozaa matunda kuliko zote ilikuwa ya akina baba, saa kumi na mbili jioni siku ya Ijumaa: ukirudi na chipsi usiku, mtoto ameshakula na ameshapiga mswaki, hivyo njoo na embe la kesho asubuhi. *Gharama* ni bando lako na muda wa kusimamia. *Kinachobaki* ni kidogo kama kundi limesimama peke yake. Na *heshima* inaharibika siku mtu akituma picha ya mtoto mnene wa mwenzake, au tangazo la chai ya kupunguza mwili. Weka utaratibu kwamba kiongozi peke yake ndiye anayetuma. *Inafaa* kuwashikilia watu uliokwisha kuwafundisha ana kwa ana.

Kwa hali yako

Kama wewe ni nesi na huna bajeti, baki kwenye benchi lako. Wafundishe mama wa watoto wachanga jambo moja kila wiki, pima urefu pamoja na uzito, na mwezi Juni na Desemba tafuta mtu wa kukusaidia ubao wa urefu. Uzito wa mtoto mwambie mama kwa sauti ya chini.

Kama unaongoza kikundi cha akina mama wanaokutana kila wiki, chukua mapishi, lakini panga wiki sita hadi nane, na angalau mbili ziwe za malezi na michezo. Waalike dada wa kazi kwa majina yao. WhatsApp iwe ya kukumbushia kati ya wiki na wiki.

Kama mtaa wako una mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye nafasi, au mko wawili wenye mioyo ya kutembea, chagueni nyumba chache. Tano zilizotembelewa mara nne zinazaa kuliko ishirini zilizotembelewa mara moja. Anzeni na zile ambazo mtoto ameshapimwa na kuonekana amevuka mstari, na ambazo mama na bibi wanatofautiana kuhusu chakula chake.

Kama una kituo cha watoto, anza na maji, si na tunda. Maji hayana gharama ya ziada kwa mzazi, na yanaiondoa juisi ya boksi siku ya kwanza. Tunda liingie mwezi unaofuata, msimu wa maembe ukiwa umefika au ndizi zikiwa bei nafuu sokoni. Waite wazazi kwanza.

Kama unaishi kijijini, ambako udumavu ndio unaoonekana zaidi na soda haijafika kila duka, usianze na neno unene kabisa. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayofanyika kila robo mwaka inatosha kupika mlo mchanganyiko mbele ya watu na kupima urefu. Mlo uleule unaomsaidia mtoto kukua ndio unaomzuia asinenepe vibaya.

Na kama wewe ni mzazi tu, huna kikundi wala kituo, na umesoma hapa kwa ajili ya mwanao mmoja, kesho saa nne asubuhi piga simu nyumbani umuulize dada, kwa upole, mtoto anakula nini sasa hivi. Jioni ukirudi, pita kwa Mangi uombe kuona daftari.